Kabla ya kununua ampli kubwa, angalia kwanza bafle zako

Sikukuu za mwisho wa mwaka zikikaribia, maduka ya vyombo vya miziki hapa Bukavu hujaa watu. Papa wa nyumba ameweka feza kidogo kidogo, anataka miziki ya saloni isikike vizuri siku wageni watakapofika. Na karibu kila mara anauliza swali moja: «Ampli hii ina wati ngapi?»

Ninasema wazi: hilo si swali la kuanzia. Mtu mwenye feza ya kubadilisha kitu kimoja tu aanze na bafle, na mara nyingi hahitaji hata kununua mpya, anahitaji kutengeneza zile alizo nazo. Ampli ingojee. Ninasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia pabaya, na nililipa.

Papa wetu alituachia ampli moja na bafle mbili za mbao alizonunua mwaka 1989. Alipofariki, chombo kilikaa kwa miaka bila kuguswa. Siku tulipokiwasha tena, sauti ilitoka kavu, inakwaruza, besi hakuna. Yaya wangu akasema: «Ampli imezeeka.» Nikatoa dola 180, zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mmoja wa wakati ule, nikanunua ampli mpya. Sanduku lake lilikuwa limeandikwa wati 3000. Tuliifunga jioni ile ile. Miziki ilitoka kwa nguvu zaidi, lakini ubaya ulikuwa ule ule, tofauti ni kwamba sasa hata majirani waliusikia.

Ni fundi mmoja mzee wa Kadutu aliyenifungua macho. Alitoa kitambaa cha mbele ya bafle, akagusa kwa kidole sponji inayozunguka ile koni kubwa ya karatasi. Ikavunjika kama majani makavu. Akaniambia: «Mtoto wangu, umenunua ng'ombe mpya, lakini ndoo ni ile ile iliyotoboka.» Alibadilisha sponji za bafle zote mbili kwa dola 20. Nilipozirudisha nyumbani, nikafunga ile ampli ya zamani ya papa ili nijaribu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Besi ilikuwa imerudi. Ampli ya papa haikuwa na kosa lolote.

Sababu yake si ngumu. Ampli inaongeza nguvu ya umeme wa miziki, basi. Bafle ndiyo inayogeuza umeme ule kuwa hewa inayotikisika hadi kwenye sikio. Kazi hiyo ni ngumu zaidi, na ndipo sauti inapoharibika zaidi. Ampli mbili nzima zenye ubora wa kawaida, zikipigwa kwa sauti ya chini, watu wengi hawawezi kuzitofautisha. Bafle mbili za aina tofauti, hata mtoto atazitofautisha. Tena, ile sponji huoza yenyewe kwa miaka, hata kama hakuna aliyeigusa.

Na wati? Ukitoka kwenye ampli ya wati 50 kwenda kwenye ya wati 100, unaongeza desibeli 3 tu. Sikio linasikia tofauti ndogo. Ili sauti ionekane imeongezeka mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara 10. Saloni ya kawaida, watu wakiongea na kula, inatumia wati chache tu.

Zile wati 3000 za kwenye sanduku ni hesabu ya kuuzia. Geuza ampli, soma kibandiko cha nyuma, pale wanapoandika umeme inaokula. Kikisema wati 60, ampli hiyo haiwezi kutoa 3000 kwa muda wowote wa kweli. Inakula 60, itatoa wapi nyingine? Hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya dukani kabla ya kufungua mfuko.

Kuna wanaopinga. Wengine wanasema mwanzo wa yote ni pale miziki inapotoka: wimbo mbovu hauponi hata ukiwa na bafle nzuri. Ni kweli, na nyimbo nyingi tunazopeana kwenye flashi zimebanwa mara nyingi mpaka zimepoteza uzuri. Lakini kupata wimbo uliohifadhiwa vizuri, wa kilobiti 320 badala ya 128, hakuhitaji dola 180. Tafuta, ufute ule mbovu. Wengine wanasema ampli yao imekufa kweli. Basi wajaribu kwanza. Zima chombo, hamisha bafle ya kushoto uifunge upande wa kulia, na ya kulia upande wa kushoto. Ubaya ukifuata bafle, bafle ndiyo mgonjwa. Ubaya ukibaki upande ule ule, tatizo liko nyuma yake: kwenye waya, kwenye ampli au pale wimbo unapotoka. Dakika tano, bila hata franka moja.

Kuna mambo mengine ya bure kabla ya kununua chochote. Angalia kwamba waya nyekundu na nyeusi zimefungwa sawasawa kwenye bafle zote mbili. Zikipishana kwenye bafle moja, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapungua sana. Toa bafle kwenye pembe za nyumba, na usiziweke chini sakafuni wala juu ya kabati. Ziweke kwenye urefu wa masikio ya mtu aliyeketi. Saloni ya sima na manjanja inarudisha sauti kama pango: pazia nzito na viti vya kitambaa vinasaidia. Na usiongeze bafle ya tatu na ya nne kwenye ampli ndogo. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye upande mmoja zinakuwa omu 4, na ampli isiyotengenezwa kwa mzigo huo inapata moto hadi kuungua.

Sisi wa Bukavu tuna jambo moja zaidi, ambalo anayeishi penye umeme uliotulia halifikirii. Umeme wetu unakatika na kurudi, na ukirudi unaweza kuruka juu zaidi ya volti 220. Kabla ya chombo chochote kipya, nunua stabilizateri nzuri. Haiongezi utamu wa wimbo, lakini inalinda vyote ulivyo navyo. Na umeme ukikatika, chomoa waya ukutani, ungoje utulie ndipo uwashe tena.

Kwa nini nipoteze maneno juu ya jambo hili, wakati raia wana shida kubwa zaidi? Kwanza, dola 180 ni ada ya shule ya watoto. Kuitupa kwa sababu ya namba ya uongo kwenye sanduku ni shida pia. Pili, tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Tulifurahi wote. Lakini urithi huo tunausikiliza namna gani? Rumba yetu imejengwa na magitaa yanayoongea: ya kusindikiza, mi-solo katikati, solo juu, na besi inayoyabeba yote. Kwenye bafle iliyooza, mi-solo na besi vinazama, tunabaki na kelele na sauti ya mwimbaji. Vijana waliokulia kwenye kelele hiyo wanadhani miziki ya wazee wao ni dhaifu. Kumbe chombo ndicho dhaifu.

Na tatu, majirani. Nyumba zetu zimeshikana, ukuta kwa ukuta. Anayetafuta wati anatafuta kufika mbali, na anafika kweli, hadi kwa mgonjwa wa parsele ya tatu. Anayetengeneza bafle anasikia vizuri kwa sauti ya chini, na jirani analala.

Kwa hiyo, wewe unayejitayarisha kwenda dukani wiki hii, nenda kwanza kwa fundi. Bafle zikiwa zimekufa kabisa, nunua bafle. Chukua flashi yenye wimbo unaoujua tangu utoto, uombe kuusikiliza kwenye bafle mbili au tatu kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, toka, tafuta duka lingine. Ampli ya nyumbani, kama bado inawaka na haikwaruzi, iache ifanye kazi yake. Ile yangu ya wati 3000 niliiuza kwa hasara. Ya papa bado iko saloni.