Salum Abdallah na Dansi Tunaloliita la Kigeni

Kila linapotajwa dansi katika mabaraza yetu ya hapa Hanga, hakosi mzee wa kusema kwamba hayo ni mambo ya kigeni, na kwamba anayeyatetea ameitupa lizombe ya baba zake. Mimi mwenyewe, katika ukada wangu, nimewahi kuwazuia vijana wasipige dansi siku ya sherehe, nikidhani nalinda utamaduni. Leo nakiri kwamba nilifanya haraka.

Hoja ya wazee ina uzito. Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tuliijua rumba na chachacha kuliko Gombe Sugu na Lele Mama. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wenzake ni taifa la wajinga. Tumeishika nusu ya kwanza, ya pili tukaisahau.

Marehemu Salum Abdallah Yazidu alizishika zote mbili. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, na alikua wakati santuri za GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zikisambaza Afrika sauti za waimbaji wa Cuba. Inasimuliwa kwamba hamu ya kwenda Cuba ilimtorosha nyumbani akaishia Mombasa. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaunda bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba.

Yafaa tupime alichoazima. Aliazima mapigo, magitaa na jina, lugha hakuazima. Aliimba Kiswahili kilichoeleweka na mkata mkonge na karani wa boma sawasawa. Hata mapigo yenyewe asili yake haiko mbali nasi, kwani rumba ya Cuba ilijengwa na wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Na mganda wa ndugu zetu wa Ziwa Nyasa, je, haukuzaliwa kwa kuiga gwaride na bendi za askari wa mkoloni? Leo nani athubutu kuuita wa kigeni?

Mwaka 1965 ajali ya gari ilimwondoa Salum kabla hajatimiza miaka 40. Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake. Lakini vijana wetu wangapi wanayajua majina hayo? Miaka mingi baadaye, nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya na kampuni ya Ujerumani, kwa jina la Ngoma Iko Huku. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo ni aibu kwetu kwamba ngoma iko huku, na mtunzaji wake yuko kule.

Basi wito wangu ni huu. Maofisa utamaduni wa wilaya na walimu wetu wawarekodi wazee wa lizombe, kioda na mganda wangali hai, na pamoja nao wapiga magitaa wa zamani. Nyimbo za kina Salum zifundishwe shuleni kama mali ya taifa. Utamaduni haulindwi kwa kuwanyang'anya vijana magitaa. Hulindwa kwa kuwapa cha kuimba.

Mwenyezi Mungu amlaze Salum mahali pema.