Bajia na Kikaango cha Hewa

Wako wadhanio kuwa kikaango cha hewa moto kimekuja kulibatilisha karai la mafuta. Nami, kwa insafu, nasema kuwa chombo hicho si kikaango hasa, bali ni tanuri dogo lenye feni, na bajia, ambazo asili yake ni Bara Hindi, hazina budi kupikwa humo kwa kanuni nyingine. Rojo jepesi la unga wa dengu hudondoka kabla ya kushika. Basi na liwe zito, likolezwe bizari, giligilani na pilipili, lishikamane na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, kisha bajia zipakwe mafuta kidogo, zipangwe pasi na kusongamana, na kugeuzwa mara moja katika dakika 15 za nyuzijoto 190. Asiyeiridhia taabu hiyo na arejee karaini, wala asikisingizie chombo.