Juni Tunayoikumbuka Nusu

Kila ufikapo mwezi wa Juni, sisi wanafunzi wa fasihi nchini Uganda hukumbushwa jambo moja: Juni 1962, Makerere, waandishi wa Afrika walikutana. Tunatajiwa Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi wa hapohapo akiitwa James Ngugi. Mwaka wangu wa kwanza niliyakariri majina hayo kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri.

Hakuna aliyeniambia kwamba mwezi huohuo, Juni 1962, Shaaban Robert alifariki dunia. Nililijua hilo mwaka wa pili, nyuma ya jalada la kitabu kilichochakaa.

Nadai kwamba usahaulifu huu una sababu. Mkutano ule uliitwa wa waandishi wa Afrika wanaojieleza kwa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kueleza kwamba yeye alistahili kuingia kwa hadithi fupi chache za Kiingereza, ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu kadhaa vya ushairi na nathari, hakustahili kwa kuwa aliandika Kiswahili. Kusadikika ilikwisha kuchapishwa tangu 1951, miaka 7 kabla ya Things Fall Apart.

Wapo watakaonijibu kuwa kuulaumu mkutano wa Kiingereza kwa kutomwalika Mswahili ni sawa na kulilaumu soko la samaki kwa kutouza ndizi. Ningekubali, lau waliokutana wangejadili Kiingereza tu. Lakini walijadili fasihi ya Afrika ni nini, na mlo wa nyumba nzima hauelezwi kwa kuonja chungu kimoja. Obi Wali wa Nigeria aliliona hilo mapema. Mwaka 1963, katika jarida la Transition lililotolewa Kampala, alionya kwamba fasihi ya Kiafrika inayotegemea lugha za Ulaya haina njia ya mbele.

Siwalaumu sana watu wa 1962. Uganda yenyewe ilikuwa bado kupata uhuru. Tunaostahili lawama ni sisi wa leo. Tangu marekebisho ya 2005, Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. UNESCO imetutengea tarehe 7 Julai, nasi siku hiyo tunavaa fulana, tunakata keki, kisha tunarudi kuandika tasnifu zetu kwa Kiingereza. Ngũgĩ alipofariki tarehe 28 Mei 2025, wengi wetu tuliandika rambirambi kwa Kiingereza kumsifu mtu aliyetusihi tuandike kwa lugha zetu. Mimi ni mmoja wao, na rambirambi yangu ilisifiwa.

Basi, wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu, sipendekezi tuufute mkutano ule katika kumbukumbu zetu. Napendekeza Juni ijayo maadhimisho yake yafunguliwe kwa kusoma Kusadikika kwa sauti, pale Karama anaposimama barazani kujitetea kwa kosa la kufundisha sheria. Baada ya hapo mtihani uendelee kuuliza nani walihudhuria, mradi uongeze swali la pili: nani hakualikwa, na kwa nini?

Kama maktaba haina nakala ya kutosha, nitaleta yangu iliyochakaa.