Mgongo wa punda nao wataka ngozi

Ngozi ya punda ina bei siku hizi, ndugu msomaji, ila kwa sharti moja: iwe imekwisha chunwa. Ile iliyo bado mgongoni mwake, ichubuliwayo kila siku kwa kamba na madebe, haina wa kuiulizia. Mimi ni fundi wa matandiko hapa Kitengela, katika Kajiado, na jambo hili limenikaa rohoni.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwani jamaa zangu wengi wa pwani hudhani tandiko ni ngozi iliyokunjwa ikatiwa kamba. Hasha. Tandiko la farasi lina kiunzi ndani yake, na juu ya kiunzi hicho ngozi huwambwa ingali na unyevu. Chini hutiwa mito miwili ya sufu, mmoja kulia na mmoja kushoto wa uti wa mgongo, na katikati huachwa mfereji mtupu. Siri yote imo katika mfereji ule. Mzigo hautakiwi kuugusa uti. Watakiwa ulale juu ya nyama, pande mbili. Mshono wetu ni wa sindano mbili zipitazo tundu moja, uzi umepakwa nta, na kila tundu latobolewa kwa msharasi. Cherehani hunishinda kwa mbio, lakini uzi wake ukikatika mahali pamoja, mshono huanza kuachia. Wa mkono haufumuki upesi.

Wenye farasi ni wachache. Wengi wako upande wa Ngong, ulipo uwanja wa mashindano tangu 1954, nao huleta matandiko ya Uingereza yatengenezwe. Hapo pana jambo la Mwislamu kuangalia. Kikalio cha tandiko la zamani la Kiingereza mara nyingi kilifanywa kwa ngozi ya nguruwe, na sisi wa madhehebu ya Shafi twajua kuwa dabaghi huitohoresha ngozi ya mzoga, si ya nguruwe wala ya mbwa. Basi huuliza kwanza, na ikiwa ndiyo hiyo, namwelekeza mteja kwa mwingine. Wapo wanaonicheka, shauri yao.

Ngozi nipendayo ni ya ng'ombe iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, kwa kuwa ni nene na hushika umbo. Viwanda vingi sasa hutumia kromi, na ngozi ya kromi ni laini, nzuri kwa viatu, ila chini ya mzigo hunyumbuka. Wazee wa Lamu watakumbuka kuwa magome ya mikoko yetu yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo ya udabaghi.

Turudi kwa punda. Huku Kajiado mwenye kumpakia punda ni mama. Zamani boma lilipohama, vyombo vya nyumba vilipanda mgongoni mwa punda katika mifuko ya ngozi iliyofanywa na akina mama wenyewe. Leo ni madebe ya plastiki ya lita 20. Manne ni kilo 80, yamefungwa kwa kamba ya nailoni, na chini yake gunia moja tu, pengine hata hilo halipo. Kamba hula ngozi, kisha hula nyama. Sisi wa pwani tusijione bora: sogi zetu za miyaa huchubua vile vile zisipotandikiwa vyema, na zahanati ya punda ya Lamu, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1987, haikuja kwa kukosa wagonjwa.

Kisha likaja balaa jingine. Vichinjio vya punda vilipofunguliwa nchini, ngozi zikawa zapelekwa Uchina kuchemshwa dawa iitwayo ejiao, na wezi wakawa wachuna punda wa watu porini usiku. Februari 2020 Serikali ikapiga marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua. Hata Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuizuia biashara hiyo.

Nalifurahi. Lakini kuzuia punda asichunwe ni nusu ya haki yake. Mtume wetu (S.A.W.) alipomwona ngamia aliyekondeshwa kwa njaa aliwaonya watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasiosema, naye ngamia yule alikuwa hai, hakuwa kichinjioni.

Mama mteka maji hawezi kulipia tandiko la ngozi tupu, nami simlaumu. Lakini mito miwili ya turubai iliyojazwa majani makavu, ikaunganishwa kwa mikanda ya mabaki ya ngozi na mfereji ukaachwa katikati, ni kazi ya siku moja. Rai yangu kwa serikali za Kaunti ya Kajiado na ya Lamu ni hii: kila panapochimbwa kisima, fungu dogo la fedha hizo liwalipe mafundi wa hapo hapo washone mito ya punda watakaochota, na kila fundi apewe kijana mmoja wa kumfundisha. Kielelezo cha karatasi ninacho, na atakaye kukinakili simtozi kitu.