Antena ya Kiraka na Mwanafunzi wa Kamachumu

Katika shule zetu nyingi za sekondari somo la mawimbi huishia ubaoni. Mwanafunzi huandika kwamba mwendo wa wimbi ni sawa na masafa yake mara urefu wake, hujibu swali la mtihani, kisha hufunga daftari. Wakati huohuo simu iliyomo mfukoni mwa mwalimu wake inatuma na kupokea mawimbi mchana kutwa kwa antena ambazo hakuna hata mmoja darasani aliyepata kuziona. Maoni yangu ni kwamba pengo hili halina sababu ya kuwapo. Antena ni kifaa kinachoweza kubuniwa, kuigwa katika kompyuta, kutengenezwa na kupimwa katika shule ya sekondari, hata iliyo mbali na miji mikubwa kama zilivyo shule za Kamachumu, wilayani Muleba.

Nazungumzia antena ya aina moja hasa, ile iliyo bapa, ambayo twaweza kuiita antena ya kiraka. Umbo lake ni rahisi: bamba dogo la shaba juu, bamba kubwa zaidi chini, na kihami katikati yake. Wazo hili lilitolewa na Georges Deschamps mwaka 1953, lakini halikushika kasi mpaka miaka ya 1970, Robert Munson na John Howell walipotengeneza antena za namna hiyo kwa vyombo vya angani. Leo zimeenea kila mahali. Kifaa cha kufuatilia mwendo kilichofungwa katika basi la abiria litokalo Bukoba kwenda Dar es Salaam husikiliza setilaiti za GPS zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na mara nyingi sikio lake ni kiraka cha mraba kilichobandikwa juu ya kigae cha kauri chenye upande wa milimita 25.

Kwa nini kiraka kiwe na kipimo hicho wala si kingine? Hapa ndipo mwalimu anapoweza kuyapa uhai maandishi ya ubaoni. Ili antena ya kiraka iitikie vizuri, urefu wake hauna budi kukaribia nusu ya urefu wa wimbi ndani ya kihami. Setilaiti hizo hutuma kwa masafa ya megahezi 1,575.42, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 19 hivi. Nusu yake ni sentimita 9 na nusu. Lakini kauri hupunguza mwendo wa wimbi zaidi ya mara nne, na kwa hiyo kiraka nacho hupungua hadi kukaribia sentimita 2. Hii ni hesabu ambayo kijana wa kidato cha tatu anaiweza.

Tuchukue mfano wa pili, ulio karibu zaidi na matumizi ya shule: intaneti isiyo na waya katika masafa ya megahezi 2,440. Gawanya mwendo wa nuru kwa masafa hayo, na nusu ya wimbi hewani itakuwa milimita 61 na nusu. Bamba la kawaida la saketi, lililotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi, lina kipimo cha uhami cha 4.4 hivi. Kipeuo chake cha pili ni 2.1. Gawanya 61.5 kwa 2.1, nawe utapata milimita 29. Hesabu za wahandisi huongeza masahihisho mawili, moja la kurefusha na jingine la kufupisha, kwa kuwa uga wa umeme huvuja kidogo kingoni. Kwa bamba lenye unene wa milimita 1.6 masahihisho hayo karibu hufutana, na jibu hubaki lilelile.

Baada ya hesabu hufuata uigaji. Programu ya kompyuta hukigawa kiraka na nafasi inayokizunguka katika visanduku vidogo vingi, kisha hutatua kanuni za Maxwell katika kila kisanduku, hatua kwa hatua ya wakati, kwa njia iliyoelezwa na Kane Yee mwaka 1966. Mwanafunzi huona jinsi uga unavyocheza na ni upande gani antena inatuma nguvu nyingi. Zipo programu za biashara za bei kubwa mno, lakini zipo pia za bure, kama openEMS, ambazo shule yenye kompyuta chache yaweza kuzitumia.

Hata hivyo, napenda kutoa onyo. Kompyuta hujibu kulingana na ilivyoulizwa. Ukiiambia kwamba kipimo cha uhami ni 4.4, nayo itaamini, ijapokuwa bamba ulilonunua lina 4.6. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini hushusha masafa ya kiraka chetu kwa megahezi 50 hivi. Kwa kuwa antena ya bamba jembamba namna hiyo husikia vizuri katika upana wa makumi machache tu ya megahezi, kosa hilo latosha kuitoa nje ya kazi yake. Picha ya rangi kwenye kioo cha kompyuta itakuwa nzuri, na kifaa kitakuwa kiziwi. Kwa hiyo siungi mkono mafunzo ya uigaji yanayoanzia na kuishia kwenye kompyuta. Utaratibu uwe huu: kokotoa kwa mkono, iga, tengeneza, pima, halafu rudi kwenye hesabu ukiwa na swali.

Wako watakaosema kwamba ni nafuu kununua antena iliyokwisha kutengenezwa. Kwa bei wanasema kweli. Lakini hatujengi maabara ya shule ili kushindana na viwanda, kama vile hatupasui chura ili kuuza nyama yake. Wengine watasema kwamba vifaa havipo. Hoja hii ina uzito zaidi, na jibu lake ni kuanza na vilivyopo. Kihami kilicho rahisi kuliko vyote ni hewa. Kata kiraka katika bati la debe la mafuta, chenye urefu wa milimita 55 hivi na upana wa milimita 62. Kiinue milimita 5 juu ya bati kubwa zaidi. Katikati ya kiraka volteji ya wimbi ni sifuri, na kwa sababu hiyo skrubu ya chuma yaweza kukishikilia hapo bila kukidhuru. Waya wa ndani wa kebo huungwa mahali fulani baina ya kitovu na ukingo, na matundo yake huungwa kwenye bati la chini. Mahali penyewe wanafunzi watapatafuta kwanza kwa uigaji, kisha kwa kujaribu.

Kupima nako kwawezekana. Simu ya kawaida yenye programu ifaayo huonyesha nguvu ya wimbi linalotoka kwenye ruta kwa desibeli, na tofauti ya desibeli 10 ina maana ya nguvu mara kumi. Basi wanafunzi wafunge antena yao kwenye ruta ambayo antena yake hutoka, bila kuongeza nguvu iliyowekewa mpaka na sheria, nao waandike vipimo katika jedwali.

Na hapa Kamachumu ina utajiri ambao maabara za mbali hazina. Ni nchi ya mwinuko, yenye mabonde, mvua nyingi na migomba iliyosongamana kuzunguka nyumba. Maji huathiri mawimbi haya kwa nguvu, kwani kipimo chake cha uhami hukaribia 80. Je, shamba la migomba lenye kina cha mita 30 hupunguza desibeli ngapi siku ya jua, na ngapi baada ya mvua? Kiraka kisichofunikwa huhama masafa kiasi gani kinapolowa? Majibu ya maswali haya hayamo katika kitabu cha mtihani. Darasa litakaloyapima kwa uangalifu kwa muhula mmoja litakuwa limefanya utafiti wa kweli, wenye faida kwa yeyote atakayetaka kuunganisha shule na zahanati za vijiji vya mwinuko huo.

Nchi ya Wahaya si ngeni kwa elimu ya namna hii. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 juu ya uyeyushaji wa chuma wa kale magharibi mwa Ziwa Victoria, na sehemu ya ushahidi wao ilitokana na wazee wa Kihaya waliojenga tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele yao. Maarifa yale yalithibitishwa motoni. Majirani zetu nao wamekwisha kuthubutu: setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya iliachiwa angani mwaka 2018, na ile ya Uganda, iliyojengwa na wahandisi wake huko Japani, mwaka 2022. Vijana waliofanya kazi hizo walianza na kanuni zilezile za mawimbi zilizomo katika madaftari ya wanafunzi wetu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yawapasa walimu wa fizikia wasingoje maabara kamili. Debe moja, rula, mkasi wa bati na kompyuta moja vyatosha kwa kiraka cha kwanza. Kikikataa kusikia, somo ndipo litakapokuwa limeanza.