Amefika wapi?

Basi la Tanga au la Moshi likishaiacha Bagamoyo, likapita Kiwangwa na kuzimaliza kilomita 64 za lami, linaibukia Msata, kwenye njia panda ya barabara ya kaskazini. Hapo dereva hupunguza mwendo, na madirisha yanajaa mikono: mananasi ya Kiwangwa, korosho, mahindi ya kuchoma, maji. Jioni na siku za likizo, baadhi ya mikono hiyo ni ya watoto. Mtazame mmoja akiwa kazini. Anapokea noti ya elfu kumi, anatoa chenji huku akikimbia sambamba na gari, na hakosei. Kibao cha mbele ya basi anakijua hata kabla gari halijasimama: hili la Lushoto, lile la Arusha. Sasa mpe kitabu cha hadithi cha darasa la pili, mwambie akusomee ukurasa mmoja tu.

Mara nyingi hapo ndipo kasi inapoisha. Uwezo, mpango wa taasisi ya Twaweza, ulipowapima watoto nyumba kwa nyumba nchi nzima mwaka 2011, ulikuta kwamba kati ya wanafunzi 10 wa darasa la tatu, takribani watatu tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Waliobisha hodi kwenye nyumba hizo walikuwa watu wa kujitolea, maelfu yao, wenye karatasi ya mtihani mkononi. Tangu hapo mtaala wa darasa la kwanza na la pili umebadilishwa, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zikapewa uzito wa kwanza kuanzia 2015, na mwaka uliofuata michango ya lazima ikafutwa na madarasa yakafurika. Swali la kama yule mtoto wa njia panda anaweza kuusoma ukurasa ule, hata hivyo, bado liko palepale.

Ndiyo maana miji midogo ya barabarani kama Msata hupata watu wa kujitolea na maboksi ya vitabu. Wengine ni vijana wa hapohapo waliomaliza kidato cha nne au chuo, ajira ikawapiga chenga, wakaona bora wawasomeshe wadogo zao chini ya mwembe kuliko kukaa kijiweni. Wengine hutoka Dar es Salaam na gari la kanisa, la msikiti au la wafanyakazi wenza. Wapo pia wa mbali zaidi: Books For Africa ya Minnesota, Marekani, imekuwa ikijaza makontena ya vitabu kuja Afrika tangu 1988, na Book Aid International ya London ilianzishwa mwaka 1954 kwa jina jingine. Mjadala unaorudi kila mara ni kama watu hawa wanasaidia kweli, au wanaipunguzia Serikali aibu na kuwapa wageni picha za kupendeza.

Nasema wanasaidia. Ila tunawapima kwa kipimo kibaya, na kipimo kibaya kinawaharibia kazi.

Sherehe ya makabidhiano kila mtu anaijua. Meza imetandikwa kitambaa, vitabu vimepangwa mnara, watoto wanaimba, mgeni rasmi anataja idadi, makofi, picha. Gari likiondoka, vitabu vinaingia kabatini na kufuli linafungwa. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kabati la namna hiyo, lenye kioo. Tuliyajua majalada yote kwa rangi zake, lile jekundu lenye simba, lile la bluu lenye meli, na sikumbuki hata siku moja kioo kile kikifunguliwa kwa ajili yetu. Zamani nilidhani ni roho mbaya. Leo namwelewa mwalimu. Kila kitabu kimeandikwa kwenye leja, na siku mkaguzi akija atauliza viko wapi, hatauliza vimesomwa na nani. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto ni hasara. Kitabu kipya kabatini ni ushahidi wa uaminifu. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye, pengine ningefunga.

Kuna jambo la pwani ambalo wagawaji vitabu hawaliangalii vya kutosha. Katika Kiswahili cha zamani, chuo maana yake ilikuwa kitabu. Pia kilikuwa mahali mtoto anapofundishwa, na mpaka leo wazee husema mtoto katiwa chuoni, yaani kapelekwa akasome Kurani. Kitabu na pale kinaposomwa vilibeba jina moja, kana kwamba mtu hakuweza kuwazia kimoja bila kingine. Kabla wamisionari wa Roho Mtakatifu hawajafungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, watoto wa mwambao huu walikwisha kukaa mkekani kwa vizazi wakifuatisha herufi kwenye ubao, na mwalimu ameketi mbele yao.

Mwalimu huyo wa madrasa ndiye mtu wa kujitolea wa kwanza wa pwani, ingawa hakuna anayemwita hivyo. Malipo yake ni ya kubahatisha, jengo lake ni kibaraza, na misahafu yake imeshonwa upya kwa uzi. Lakini sikia mzazi anavyomuuliza. Haulizi madrasa imepata misahafu mingapi. Anauliza: “Mwanangu amefika wapi?” Naye hujibiwa juzuu, sura, pengine aya. Kama mtoto amekwama mahali kwa miezi miwili, mzazi atajua. Najua kuhifadhi na kuelewa ni mambo mawili, na kiboko cha madrasa sikitetei. Ninachokitaka ni lile swali tu. Ni swali ambalo hatuliulizi kwenye sherehe za maboksi.

Ushahidi wa kwamba kitabu peke yake hakitembei tunao wa jirani kabisa. Mwaka 1996 huko Busia, magharibi mwa Kenya, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada, kisha wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu mwanzo, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule Kiingereza ni lugha ya tatu. Hapa kwetu, mwaka 2013 na 2014, Twaweza na watafiti wengine walifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule zilizopewa ruzuku ya ziada tu, ambayo sehemu kubwa ilikwenda kwenye vitabu na vifaa, hazikupanda alama baada ya miaka miwili. Zilizopanda bila ubishi ni zile ambazo ruzuku iliambatana na bahashishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu. Vifaa vilihitaji mtu mwenye sababu ya kuvitumia.

Mtu huyo si lazima awe mwajiriwa. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, shirika la Pratham liliwafundisha vijana wa vijijini kwa siku chache tu namna ya kumwanzisha mtoto kusoma, nao wakafungua madarasa baada ya saa za shule bila mshahara. Watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa, hata wale ambao mwanzoni hawakujua herufi moja. Kasoro ilikuwa kubwa pia: waliohudhuria hawakufika hata mmoja kati ya 10. Kwa hiyo kijana wa Msata mwenye kidato cha nne, ubao mdogo na saa mbili za jioni si mbadala hafifu wa kitu kingine. Anaweza kuwa dawa yenyewe, ilimradi mgonjwa afike. Na asiyefika ndiye mwenye shida: yule anayekimbiza basi, yule anayechota maji, mtoto wa jamii za wafugaji waliohamia Chalinze na Bagamoyo, ambaye nyumbani hasikii Kiswahili. Anayekuja mbio kwenye hadithi mara nyingi ni yule ambaye tayari anasoma.

Lugha ya kitabu nayo si jambo dogo. Shule zetu za msingi za Serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, halafu boksi linafunguliwa Msata na ndani yake mna watoto wa Ohio wanaojenga sanamu ya theluji. Siwabezi waliotuma; nia yao ni njema na posta ni ghali. Lakini mtoto anayejifunza kuunganisha ba na ta hahitaji kwanza kubahatisha theluji ni nini kwa lugha asiyoijua. Tena vitabu vya Kiswahili vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, na ukabuni utaratibu ambao hadi leo sijaona wa kuuzidi: mchapishaji wa hapa anatoa kitabu, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala, kwa kawaida 3,000, unazipeleka shuleni, na zinazobaki anaziuza mwenyewe. Mtoto anapata hadithi, mwandishi anapata senti, mchapaji anapata kazi ya kesho. Room to Read nao, walipoingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, walifanya kazi Bagamoyo, na pamoja na kufungua maktaba za shule wamekuwa wakichapisha hadithi za Kiswahili. Kontena la bure, kwa upande mwingine, linashindana na mchapishaji wa Dar es Salaam, ambaye hawezi kushindana na bure.

Wapo watakaosema yote haya ni kazi ya Serikali, na kila boksi linalopokelewa linaisaidia kusahau. Hoja hii ina nguvu. Kwa miaka mingi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza 2002, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilihesabiwa Sh 10,000 kwa mwaka, na katika utaratibu wa elimu bila ada Sh 6,000 ndizo zilizokwenda shuleni, nyingine zikabakizwa kwa vitabu vya kiada. Elfu sita kwa mwaka ni shilingi mia tano kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati. Kitabu cha hadithi hakimo. Sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya 1963, Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1967, na mtoto wa Msata akitaka maktaba ya umma bado anahitaji nauli. Diwani na mbunge wabanwe kwa hilo bila kuwaonea haya. Ila mtoto wa darasa la pili hana miaka mitano ya kusubiri bajeti ipite. Ikipita, yeye atakuwa anaiaga shule ya msingi.

Nimebaki na ombi kwa msomaji anayepanga kwenda Msata, Lugoba, Miono au kijiji chake mwenyewe na vitabu kwenye buti. Nunua vichache vya Kiswahili, kwa mchapishaji wa hapa. Mwambie mwalimu mkuu, kwa maandishi ili ayaonyeshe kwa mkaguzi, kwamba vitabu hivi vimeletwa vichakae. Mtafute kijana mmoja wa palepale ambaye Alhamisi jioni, siku ambayo madrasa nyingi hupumzika, atakaa na watoto, na nauli ya wasanii wa sherehe umpe yeye kama posho ya miezi miwili. Mwombe aanze na wale wa njia panda. Mgeni rasmi usimwite. Urudi baada ya muhula mmoja, na kabla hujahesabu vitabu vilivyobaki, mwite mtoto, mfungulie ukurasa, na umuulize yule kijana: mtoto huyu amefika wapi?