Nyumba inauzwa, talaka bado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe kero yangu: watu wanauza nyumba ya familia kimyakimya huku shauri la talaka na mgawanyo wa mali bado liko mahakamani.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa anasonga ugali, dalali akaingia na mteja, futi mkononi, wakaanza kupima sebule. Kumbe mumewe ameshakula kiapo kwamba hana mke! Watoto wako mkekani, wanasubiri chakula.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako, hata kama hati ina jina lako peke yako. Tena mwenzako anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Mdogo wangu alilijua hilo kwa bahati tu, kwa jirani. Akawahi, nyumba ikasalimika.

Viongozi wa mtaa, msigonge mhuri kabla hamjamwona mke au mume wa muuzaji. Ofisi za ardhi, bandikeni ukutani utaratibu wa zuio. Wasomaji wenzangu, kwenu hali ikoje?

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam